Mwandishi wa Kaloli

Ukitaka kumwona Mwalimu Husnah Abalo akikunja uso, mtajie "Kuku wa Koplo". Watu humwambia, "Kitabu kizuri kile, mwalimu, nilikisoma nikiwa mdogo," wakidhani wanamfurahisha. Yeye hukaza midomo, hutazama pembeni, kisha huuliza nyanya zinauzwaje siku hizi. Kitabu ni chake. Alikitunga yeye, kuanzia unyoya wa kwanza hadi saluti ya mwisho, lakini juu ya jalada limeandikwa jina la mtu mwingine, Ochan. Tusidanganyane: maisha ya Husnah yana mambo mengi, yana mume aliyekufa mapema na binti aliyemlea peke yake, lakini ukiyakamua yote kinachobaki ni hilo jina juu ya jalada.

Alizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za polisi, ambako ukikohoa jirani anakuitikia pole. Baba yake, Koplo Oola, alikuwa Mwacholi na Mkatoliki. Mama yake, Zulaika, alikuwa Mnubi na Mwislamu, mjukuu wa wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Jumapili baba alipanda kilima kwenda misa. Ramadhani mama alifunga, na baba alikula chakula chake cha mchana uani, mgongo ameugeuzia mlango, kwa adabu. Laini yao, safu moja ya nyumba zile, ilikuwa na Walango, Wateso, Waalur na Wakakwa, kila mmoja na lugha ya kwao ya kugombana na mkewe, lakini chumvi iliazimwa kwa Kiswahili.

Jioni akina mama waliketi vibarazani wakichambua maharage na kusimulia hadithi, na hapo palikuwa na adabu moja ambayo haikuvunjwa. Msimulizi alianza kwa kusema, "Hii si yangu, nimeipokea tu." Hata kama kila mtu alijua kwamba ameitunga asubuhi ileile akisugua masufuria, ilimbidi aseme hivyo. Kujidai hadithi ni yako ilikuwa aibu, sawa na kusifu mchuzi wako mwenyewe mbele ya wageni. Wasikilizaji nao walijua. Walisema, "Kale, haya, toa kama ulivyoipokea," huku wakikonyezana.

Tena palikuwa na nyimbo. Kwenye doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi, wanawake wa laini ile walikuwa na namna yao ya kumshughulikia mtu mwenye roho mbaya. Hawakumtaja. Waliimba habari za punda, au za chungu kilichovuja, na kila aliyekuwa pale alijua punda ni nani. Sheria ya wimbo ilikuwa hii: anayesimama kuuliza "Mnaniimba mimi?" ameuchukua, ni wake mpaka azikwe. Kwa hiyo waimbwa walinyamaza. Zulaika alikuwa hodari wa kazi hiyo. Aliwahi kumtungia wimbo sajini mmoja aliyewanyima wanawe chakula, na sajini, bila kujua, akaucheza mpaka shati likalowa. Husnah alikuwa mdogo siku ile, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na akaelewa kwamba mama yake alikuwa mtu wa kuogopwa.

Alipokua akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Kyebando. Wakati huo Kiswahili hakikuwa na thamani Kampala. Walisema ni lugha ya askari na ya wezi, wala hakuna mzazi aliyetaka mwanawe arudi nyumbani nacho. Husnah hakujali. Ijumaa, masomo yakiisha mapema, aliwakusanya watoto na kuwasimulia kwa Kiswahili chake cha kambi. Alitunga kwa namna yake: hakuandika chochote kwanza. Alisimulia huku akitazama miguu. Miguu ya watoto ikianza kubembea chini ya madawati, alijua hadithi imelegea hapo, na Ijumaa iliyofuata kipande kile hakikuwepo. Hadithi ikifika siku ambayo hakuna mguu unaotikisika, basi imeiva.

Ndivyo alivyomtengeneza kuku wa Koplo, kuku mkaidi wa kambini aliyekataa kutaga mpaka apigiwe saluti. Watoto waliipenda hadithi hiyo hadi wakawa wanawapigia saluti kuku wa mitaani.

Ochan alikuwa mwalimu mwenzake. Alikuwa mtoto wa Nsambya vilevile, wa laini ya pili, na mama yake alichambua maharage na kina Zulaika. Alikuwa mrefu, upara ulimwahi mapema, na alitembea mikono ameifunga nyuma chini ya koti, shingo mbele, akiinua miguu kana kwamba sakafu imemwagiwa maji. Kabla ya kusema neno alisimama, akalaza kichwa upande mmoja. Siku za Ijumaa alikuja kukaa nyuma ya darasa, na Husnah akisita alimhimiza kwa upole: "Endelea, endelea, nasikia." Husnah alifurahi. Alidhani amepata rafiki anayejua kazi.

Ochan ndiye aliyejitolea kuiandika hadithi ile na kuipeleka kwa wachapaji, kwa kuwa yeye alijua watu. Husnah alimsimulia yote, na Ochan akaandika. Muda ukapita. Siku moja kitabu kikawa juu ya meza ya walimu, kinanukia wino, na jalada lilisema Ochan.

"Ochan, hii ni nini?"

"Ni kitabu, dada."

"Jina yangu iko wapi?"

Ochan alilaza kichwa upande. "Dada, wewe mwenyewe ulisema mbele ya watoto yote, hii si yangu. Mimi nilikuwa nasikia. Hii ni hadithi ya kambi, haina mwenyewe. Mimi nimekusanya tu."

Alijua. Hilo ndilo Husnah hakuweza kulimeza. Mtu mwingine wa Kampala angeweza kukosea kwa kutojua, lakini huyu alilelewa kwenye adabu ileile, alijua maana ya yale maneno kama anavyojua jina la mama yake, na aliyageuza kuwa kisu. Husnah alipeleka mashtaka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, mtu wa haki, akaita watoto na kuwauliza: hadithi ya kuku ni ya nani? Watoto wakatazamana. Walimpenda Mwalimu Husnah, na walikuwa wamefundishwa kusema kweli.

"Mwalimu alisema si yake," wakajibu.

Kesi ikaishia hapo.

Ochan akaacha ualimu. Akapata ofisi Nakasero na kampuni ya vitabu, akapata koti jipya la kufungia mikono nyuma yake. Wakamwita Baba wa Hadithi. Husnah alibaki Kyebando, akaendelea kutunga, na baada ya miaka akachapisha vitabu vyake vidogo kwa wachapaji wadogo, jina lake limeandikwa waziwazi. Unajua watu walisema nini? Walisema ni vizuri, lakini anamwiga Ochan. Mhariri mmoja alimshauri kwa nia njema atafute sauti yake mwenyewe.

Husnah alimchukia Ochan kwa moyo wote, nami simlaumu. Alimchukia akipika, alimchukia akisahihisha hesabu za watoto. Hakumwombea kifo hata siku moja, kwa sababu mfu haoni haya. Alimtaka hai, mwenye afya, mwenye macho mazuri ya kuona watu wanavyomtazama. Lakini hakupiga tena kelele, na Ochan alikuwa wa wale watu wanaodhani maskini akinyamaza amesahau.

Kisha dunia ikageuka. Serikali ikasema Kiswahili kifundishwe shuleni, na wale wale waliokiita lugha ya wezi wakaanza kutafuta walimu wake. Shule zikataka vitabu vya hadithi. Ochan alikuwa amekamua kila alichokusanya, na vile alivyojaribu kutunga mwenyewe vilikuwa vikavu, watoto walivifunika na kulala. Basi mchana mmoja gari lake lilisimama Kyebando, mbele ya nyumba ya Husnah, na yeye akashuka na mkate na sukari kama mgeni mwema.

"Dada, zamani ni zamani," alisema akiwa amekaa. "Hapana kitu hapa na pale? Watoto nataka hadithi."

Husnah alimwangalia. Uso wake ulikuwa shwari kabisa.

"Iko moja," alisema. "Si yangu. Nimeipokea tu."

Ochan alitabasamu, akaweka simu yake mezani ili inase sauti. "Endelea, endelea, nasikia."

Sasa, Kampala nzima inawajua kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama juu ya miti na majalala kama wazee wa mazishini. Husnah alisimulia habari za Mzee Kaloli, ambaye hakuwahi kutaga hata yai moja. Alizoea kwenda kwenye viota vya wenzake, akasimama pembeni, mabawa yamefungwa nyuma, shingo mbele, akisema, "Endelea, endelea, nasikia." Ndege wenye viota wakimsimulia mambo yao, yeye anachukua yai. Alipopata mayai ya kutosha alipanda juu ya paa kubwa la mjini akatangaza kwamba ametaga. Ndege wote wakaja kumpongeza, naye akayaatamia kwa madaha. Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wakatoka, wa kuku, wa njiwa, wa kanga, kila mmoja akilia kwa sauti ya mama yake. Kaloli akawaamuru waseme "baba". Wao wakajipanga mstari nyuma yake, wakafunga mabawa mgongoni, wakanyoosha shingo, wakaanza kutembea kama yeye. Akisimama, wanasimama. Akilaza kichwa, wanalaza. Mji mzima ukatoka kutazama, na Kaloli hakuweza kuwafukuza, maana alishasema ni wanawe.

Ochan alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Alisema hiyo itatembea. Wala usishangae kwamba hakujiona. Maneno yale ya "endelea, nasikia" yalikuwa yametoka kinywani mwake saa ileile, lakini mtu hasikii anachokisema kila siku, sawa na asivyosikia harufu ya nyumba yake. Na mwizi aliyezoea huwa hadhani kwamba ni mwizi. Ochan alijiona mkusanyaji.

Lakini kitabu cha watoto hakina uhai bila picha, na Husnah alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mchoraji wa Ochan alikuwa Valère, Mkongomani mwenye kibanda hapohapo Kyebando, anayeishi kwa kuchora mabango ya saluni na ya wauza nyama. Alikuwa amemchorea Ochan miaka mingi, na jina lake halikuwahi kuonekana ndani ya kitabu hata kwa herufi za sisimizi. Husnah alimkuta akimalizia kichwa cha mwanamke mwenye nywele za kusuka.

"Mama Mwalimu, huyu ndege minamuchora na sura ya nani?" Valère aliuliza, kwa kuwa alikwisha sikia fununu ya hadithi hiyo.

"Sura hapana. Chora ndege tu. Lakini tembea yake, chora ya ule mtu."

"Ile ya mikono nyuma?"

"Ile."

Valère aliweka brashi chini, akaketi juu ya debe, akacheka kimyakimya mabega yakimtikisika. Halafu akawa na wasiwasi. "Na yeye hataona?"

"Wewe ulishaona mgongo yako siku gani?"

Valère alichora kwa moyo mmoja, kama mtu anayelipa deni lake mwenyewe. Kaloli wake hakufanana na binadamu yeyote usoni. Ila ule mwendo, ule mguu ulioinuliwa na kusita hewani, kile kichwa kilicholala upande, mtu yeyote aliyewahi kukaa chumba kimoja na Ochan angevitambua akiwa mbali. Ochan alizipokea picha ofisini kwake, akazitazama moja moja, akasema ndege huyu ana heshima. Akaweka jina lake juu ya jalada: "Mzee Kaloli Ametaga", kimetungwa na Ochan. Safari hii hakuandika hata kwamba amekusanya.

Kitabu kiliingia shuleni, na kabla muhula haujaisha watoto wa Kampala walikuwa na mchezo mpya. Mmoja anatembea mbele, mikono nyuma, na wengine wanamfuata kwa mstari. Akisimama, wanasimama. Anayecheka anatoka. Waliucheza viwanjani, wakaucheza vichochoroni, wakaucheza nyuma ya bibi zao waliokwenda sokoni. Hakuna kitabu cha Ochan kilichowahi kupendwa hivyo, na watu wa vitabu wakaamua kumfanyia sherehe kwenye hoteli moja ya Nakasero.

Husnah alialikwa kwa sababu watoto wa shule yake walipangiwa kuimba. Alivaa gauni lake la kijani na mtandio wa mama yake, akakaa kwenye viti vya pembeni. Hakumfundisha mtoto yeyote la kufanya. Hilo naliapia kwa niaba yake. Kitabu kilikuwa kimeshawafundisha.

Mshereheshaji alimwita Baba wa Hadithi. Ochan alisimama nyuma ya ukumbi, akafunga mikono chini ya koti, akaanza kuja mbele kwa hatua zake za kuruka madimbwi. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni kando ya njia. Wakamwona. Ukumbi ukatulia kidogo, kama pale chai inapokaribia kuchemka, kisha msichana mmoja wa darasa la pili akainuka, akafunga mikono nyuma, akaingia nyuma ya Ochan. Akafuata mwingine. Wakaja wote. Ochan aligeuka akawaona, akatabasamu, akadhani ni heshima. Akasimama, wakasimama. Akalaza kichwa, mstari mzima ukalaza kichwa.

Mtu mmoja mezani pa wakubwa alipaliwa na maji. Kicheko kikaanza huko, kikaenea meza kwa meza, mpaka wahudumu wakaweka sinia zao chini. Mshereheshaji, masikini, alijaribu kuokoa mambo kwa kusoma sifa za mgeni wa heshima, lakini sauti ikamkatika. Ochan akamkaribia kwenye kipaza sauti, na kwa mazoea yake ya miaka yote akamwambia kwa upole:

"Endelea, endelea, nasikia."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Watu wazima wenye tai walishikana mabega. Na hapo, katikati ya kelele ile, Husnah aliona uso wa Ochan ukibadilika polepole. Aliyatazama mabango ya kitabu chake ukutani, akamtazama ndege. Akaitoa mikono mgongoni kana kwamba imeungua. Kisha macho yake yakatafuta, yakampata Husnah kwenye viti vya pembeni, mtandio wa Zulaika kichwani, hacheki. Ochan alifungua kinywa. Akakifunga. Alikuwa mtoto wa kambi, aliijua sheria. Akiuliza tu, "Ni mimi?", ameuchukua wimbo.

Husnah alirudi Kyebando akatembea kwa miguu kutoka kituoni, akanunua samaki mzima, akala na mkia.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu. Waendesha boda boda wa soko la Nakasero, ambao watoto wao walikuwa na kile kitabu, walimwona Ochan akitoka ofisini wakafunga mikono nyuma, wakamwita, "Mzee, viota viko njia hii!" Akajaribu kubadilisha mwendo, akawa anarusha mikono kama kuruta, wakasema leo Kaloli anajifunza kuruka. Husnah aliletewa habari hizi na kila mtu, naye aliuliza maswali madogomadogo ili zirudiwe.

Ndipo Ochan akaja tena. Safari hii hakuleta mkate. Aliliacha gari mbali, akaja kwa miguu, mikono mifukoni, kisha nje ya mifuko, hajui aiweke wapi.

"Dada Husnah."

"Karibu, kaka. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Sikuja kugombana. Kaloli tunachapa tena. Nataka tuweke jina yako. Husnah Abalo, kubwa, juu kabisa. Na Kuku wa Koplo pia. Yote mbili. Mimi natoka."

Hilo ndilo Husnah alilolililia tangu ujana wake. Aliliona jina lake juu ya yule kuku, akamwona binti yake akilisoma, akawaona wale waliosema anaiga wakimeza maneno yao.

"Na wewe nataka nini?" aliuliza.

"Useme tu. Kwa redio, kwa gazeti. Useme ni wewe ulitunga Kaloli, na ni ndege tu. Hapana mtu."

"Kwani kuna mtu?"

Jasho lilimtoka Ochan uparani.

Mimi ningechukua, na wewe ungechukua. Husnah alipima. Kitabu kikiwa na jina lake kingekuwa hadithi nzuri ya ndege, iliyotungwa na mwalimu mzee wa Kyebando. Kikiwa na jina la Ochan kilikuwa mtu aliyejiimba mwenyewe mbele ya nchi nzima, na kila kikichapwa upya angejiimba tena. Alikuwa na hamu ya jina lake, lakini hamu ya kumwona Ochan akitokwa na jasho ilikuwa kubwa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakujificha.

"Kaka, mimi nilipokea tu," alisema. "Hadithi ya kambi haina mwenyewe. Wewe umekusanya."

"Husnah, hii ni jina yako! Unakataa kitabu yako?"

"Nakuachia. Bakia nayo."

Ochan alisimama. Macho yalikuwa yamemwiva. "Wewe roho yako mbaya."

"Mbaya sana," Husnah alikubali, akamsindikiza mpaka mlangoni, kwa kuwa mgeni husindikizwa.

Wiki chache hivi alitembea akiwa mwepesi. Halafu asubuhi moja, akiwa anapiga pasi, alisikia sauti ya Ochan redioni. Mtangazaji, binti mchangamfu, alimuuliza huku akijizuia kucheka kama ni kweli yanayosemwa kuhusu Mzee Kaloli. Husnah aliisimamisha pasi. Alisubiri kusikia mtu akijikanyaga.

"Ni mimi," alisema Ochan. "Kaloli ni mimi kabisa. Mtu akifika umri wangu, ni vizuri ajicheke kabla hajachekwa." Akacheka, kicheko kikavu mwanzoni, kisha kikalainika kilipoona kinapokelewa. Mtangazaji alifurahi mno. Alisema Uganda inahitaji wazee wa namna hii.

Ameuchukua, Husnah alijisemea. Ameuchukua wimbo, ni wake mpaka azikwe. Lakini kumbe alikuwa amechukua mali. Baada ya hapo waendesha boda boda walimsalimia kwa mikono nyuma na yeye akawajibu vivyo hivyo, wakapiga picha pamoja. Magazeti yakaandika juu ya moyo wake mkubwa. Shule zikamwita aje atembee mbele ya watoto, naye akaenda, akatembea. Husnah akasema kwa jirani, mara moja tu, kwamba hadithi ile ni yake. Jirani akamtazama kwa huruma na kumkumbusha kwamba alisema vivyo hivyo kuhusu ile ya kuku.

Mjukuu wake, Nuriat, mtoto wa binti yake, huja Kyebando kila likizo. Likizo hii alikuja na kitabu cha Kaloli kwenye begi, kimechakaa kwa kusomwa, akajilaza mkekani mbele ya jiko akikisoma kwa sauti. Husnah alikuwa anachuja wali. Hakuna neno katika kitabu kile ambalo hakulijua, na bado alijikuta akisubiri sentensi inayofuata.

"Jaja," Nuriat alisema alipofika mwisho, "mwenye aliandika hii ni mtu mzuri."

"Nani amekuambia?"

"Najua tu. Amejicheka mwenyewe. Mtu mbaya hawezi."

Husnah alifunika sufuria. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, yote, tangu Nsambya. Aliyatazama macho ya mtoto na kuona wazi jinsi yangemtazama akimaliza: yangekuwa macho ya jirani.

"Umekipenda?" aliuliza.

"Kupita vitabu yote."

"Kupita vya Jaja?"

Nuriat alifikiri, maana alikuwa mtoto mwema, hakutaka kuumiza mtu. "Vya Jaja vizuri," alisema. "Lakini hii inapita."

Hakuna aliyewahi kumpa Husnah sifa kubwa kama hiyo, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Alimwambia afunge kitabu, akanawe mikono, wali umeiva.